Kitabu Kimoja, Wasomaji Wengi



Mama mmoja wa Dongobesh, wilaya ya Mbulu, ametuuliza swali ambalo twaamini limo katika nyumba nyingi. Asema kuwa mwanawe, aliye darasa la nne, hataki kitabu. Akiambiwa asome, tumbo lamuuma; akiketishwa kwa nguvu, husinzia; akiachwa, hukimbilia mpira wa matambara. Mama auliza: Je, nimpige, au nimwache mpaka akili impate mwenyewe?

Jawabu letu ni kuwa asimpige wala asimwache. Asome pamoja naye. Neno hili ni jepesi kulisema, walakini sisi wenyewe hatukulijua ila baada ya kukosea, na kosa letu lilimpata mtoto wa watu. Basi twaomba ruhusa ya wasomaji tulieleze tangu mwanzo, maana afichaye ugonjwa wake hawezi kuwafaa wengine kwa dawa yake.

Elimu yetu ni ya chuo na ya shule ya msingi. Tulifundishwa kama walivyofundishwa waliotutangulia: mtoto huketi mbele ya mwalimu, hufunuliwa marufaa, husomeshwa, kisha husimama peke yake asome, na akikosea hupata haki yake. Nasi tulipopewa chuo tukafanya vivyo hivyo, wala hatukujiuliza.

Zamani, tulipokuwa tukifundisha upande wa Mbulu, tulikuwa na kijana mmoja aliyesoma Juzuu Amma kwa sauti nzuri hata wapita njia wakisimama. Siku moja aliposimama kusoma, upepo ukafunua ukurasa. Naye akaendelea na maneno ya ukurasa uliofunikwa, bila ya kusita. Wenzake wakacheka. Hapo tukafahamu ya kuwa hasomi. Amehifadhi kwa masikio, na macho yake hayajui herufi hata moja. Badala ya kutambua kuwa kosa ni letu tuliomfundisha miaka miwili bila ya kujua hali yake, tulimchapa mbele ya wenzake. Kesho yake hakuja, na kesho kutwa hakuja. Tulisikia baadaye kuwa amekwenda kuchunga ng'ombe upande wa Basotu, na mpaka leo hatukumwona tena.

Mtoto yule hakuchukia kusoma. Alichukia kusimama peke yake katika jambo asiloliweza, huku watu wakimtazama. Na wengi tuwaitao wavivu ndivyo walivyo. Mvivu wa kweli ni mvivu hata wa kucheza. Lakini mtoto akimbiaye kitabu, na kwa mpira akawa wa kwanza, huyo aikimbia aibu.

Katika wilaya zetu hizi mbili kuna sababu nyingine ambayo watu wa pwani huenda wasiifahamu. Mtoto wa Tanga au wa Unguja azaliwapo husikia Kiswahili. Mtoto wa Mbulu husikia Kiiraqw. Wa Hanang aghalabu husikia Kidatoga cha Wabarabaigi, au Kiiraqw, au Kinyaturu. Na nyumba nyingi za Waislamu wa miji yetu midogo ni za Warangi waliotoka Kondoa. Lugha hizi hazina udugu wa karibu: Kiiraqw ni jamaa ya lugha za Kikushi, mfano wa Kisomali, na Kidatoga ni cha Kinailoti. Mtoto afikapo shule hukutana na Kiswahili na herufi kwa pamoja. Basi aweza kuunganisha silabi zote sawasawa, akasoma mstari mzima, na asijue kilichosemwa. Huyo amebeba maji kwa tenga: kazi ameifanya, na nyumbani hafiki na kitu.

Mwaka 2015 Serikali ilianza kutumia mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili, wenye kutilia mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ambao watu huuita KKK. Jambo hilo ni jema, kwani asiyejua herufi hana pa kuanzia. Walakini kumjulisha mtoto herufi ni kumpa jembe. Shauku ya kwenda shamba hutoka kwingine.

Sasa tueleze jinsi sisi tulivyoipata shauku hiyo kwa watoto wetu.

Miaka michache iliyopita, wakati wa mvua za masika, tulikuwa na watoto kumi na saba katika chuo chetu cha Katesh, chini ya Mlima Hanang. Mvua ilikuwa ikinyesha baada ya Alasiri, nao hawakuweza kurudi makwao mpaka ipungue. Wakawa wakisukumana na kupiga kelele. Tulikuwa na kitabu kimoja cha hadithi, jalada lake limeshonwa kwa uzi: Adili na Nduguze, alichokitunga Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Kitabu hicho kilitoka mara ya kwanza mwaka 1952, wala si kinene. Tukakifungua tukaanza kuwasomea, kwa nia ya kupata utulivu tu.

Tulisoma mpaka pale mjumbe wa mfalme amwonapo Liwali Adili, mtu asifiwaye kwa haki na huruma, akiwapiga manyani wawili usiku kwa mjeledi, kisha akawabembeleza na kuwalisha. Hapo mvua ikakatika. Tukafunga kitabu, tukasema: Tumefika, kesho Inshaallah.

Ndugu wasomaji, hakuna aliyeondoka. Watoto wa Hanang wanawajua nyani. Wengi wao wamepata kuamshwa alfajiri kwenda kulinda mahindi wasiliwe. Mmoja akasema: Nyani wale wameiba shambani kwake. Mwingine akamjibu: Mwizi hapigwi kila siku, na akipigwa halishwi. Msichana mmoja akasema: Labda amelazimishwa. Wakabishana mpaka jua la magharibi. Sisi hatukuwajibu, na kule kutojibu ndiko kulikotufaa. Kwa maana kesho yake, watoto ambao siku zote tulikuwa tukiwangoja, tuliwakuta wao wakitungoja sisi.

Tangu siku hiyo tukapanga utaratibu, nao ni huu. Kila siku twasoma kipande kidogo, robo saa, wala hatuzidishi hata wakiomba. Bali wakiomba ndipo tunapofunga. Maneno matatu au manne magumu huandikwa ubaoni kabla ya kuanza, na kila mtoto husema neno hilo kwa lugha ya kwao: Mrangi kwa Kirangi, Mwiraqw kwa Kiiraqw, Mbarabaigi kwa Kidatoga. Hapo yule asiyejua Kiswahili vizuri hugeuka mwalimu wa wengine kwa dakika moja, na dakika hiyo ni chakula kwake. Mwalimu husoma kwanza, kisha kitabu hupita mkono kwa mkono, kila mmoja mistari michache. Mtoto dhaifu hatumshtukizi; twamwonyesha mistari yake tangu jana, akaizoee, ili zamu yake ifikapo asome kama wenzake. Na baada ya kusoma hatuulizi maswali ya mtihani. Twauliza moja tu: Waonaje, kesho itakuwaje?

Tena, kila jioni mtoto mmoja hupewa kitabu kama amana, akaenda nacho nyumbani, amsomee mtu yeyote aliyopata darasani, ajapokuwa bibi yake asiyejua Kiswahili, naye amfasirie. Kesho yake hukirudisha kitabu pamoja na swali moja lililoulizwa na huyo aliyesomewa.

Katika watoto wale alikuwapo mmoja wa darasa la tano, ambaye baba yake ni Mbarabaigi aliyesilimu na mama yake ni Mrangi. Kiswahili kwake ni lugha ya tatu. Alikuwa akiketi nyuma karibu na mlango, kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa chakula. Katika miezi minane hatukupata kumsikia akisoma neno. Baba yake alikuwa amekwisha kutuambia waziwazi: Maalim, mwaka ukiisha namtoa shule. Miaka mitano amesoma, na ujumbe ukija katika simu bado natafuta mtu wa kunisomea. Ng'ombe ukiwalisha angalau wawaona wakinenepa.

Sisi hatukuwa na la kumjibu, kwani alisema kweli.

Siku ya nne ya kitabu chetu, watoto walipokuwa wakibishana tena juu ya nyani, kijana yule akainuka, akaja akakifunga kitabu mikononi mwetu, akaweka kidole juu ya jalada, akasoma polepole, silabi kwa silabi: A-di-li na ndu-gu-ze. Kisha akasema: Nduguze mbona hatujawaona?

Chuo kizima kikanyamaza. Halafu msichana yule aliyesema labda amelazimishwa akapiga ukelele: Ni wale nyani! Nao wote wakaruka kama waliomwona simba. Sisi tuliokuwa tumekisoma kitabu kile mara nyingi hatukuwa tumefikiri kuwa jawabu limo katika jalada. Aliliona mtoto ambaye mwaka mzima tulimhesabu kuwa haoni.

Jioni ile tukampa yeye amana. Kesho yake hakuja. Siku ya pili hakuja, na siku ya tatu vilevile. Tukamkumbuka yule wa zamani aliyekwenda Basotu, tukajua ya kuwa tumempoteza wa pili, na kitabu pamoja naye. Siku ya nne tukatembea mpaka kwao. Tulimkuta baba ameketi nje ya boma, na kitabu kimefungwa katika kitambaa safi mapajani mwake. Baada ya salamu akasema: Maalim, usimgombeze mtoto. Ng'ombe wawili walipotea, tulikuwa tukiwatafuta. Lakini hata wangepatikana, kitabu hiki nisingekirudisha. Mtu atampigaje ndugu yake kila siku kisha amlishe kwa mkono wake? Mtoto asema hajui, eti hamjafika huko. Nikamwambia asome mbele. Asema ni vigumu. Nikamwambia soma hivyo hivyo, mimi sina haraka.

Kumbe usiku tatu zile mtoto alikuwa akisoma karibu na moto, akifasiri kwa Kidatoga, akikwama na kurudi nyuma, na baba akingoja. Alikuwa amesoma kurasa sita peke yake. Kwa msomaji mzoefu kurasa sita si kitu. Lakini kwake zilikuwa nyingi kuliko zote alizosoma katika miaka mitano.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwa kusema kuwa mambo yote yakawa mema tangu hapo. Mtoto yule bado husoma taratibu, na hesabu zamshinda. Baba alikubali asimtoe shule, kwa sharti kuwa Jumamosi na Jumapili awe malishoni. Nasi tulikubali, maana kuchunga nako ni elimu, na ng'ombe ndio mali ya nyumba ile. Na katika wale kumi na saba walikuwapo watatu ambao kitabu hakikuwagusa sana. Mmoja wao tuligundua kuwa huleta ukurasa karibu na pua. Tukamwambia mama yake ampeleke hospitali, akapimwe macho. Kabla hujasema mtoto hapendi kusoma, jua kwanza kama anaona.

Wengine watasema kuwa huu ni mtindo mpya. Twawajibu kuwa ni wa kale kuliko sisi. Tunapohitimisha Kurani kwa ajili ya maiti wetu, juzuu thelathini hugawanywa, huyu moja na yule moja, na kazi ya siku nyingi huisha kwa kikao kimoja. Maulidi ya Barzanji husomwa kwa zamu, kitabu kikipita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na asiyesoma huitikia. Katika darsa za misikiti ya Lamu na Unguja, kitabu ni kimoja: msomaji husoma, sheikh hufasiri, na waliozunguka husikiliza. Wazee wa Kiiraqw nao wana slufay yao, dua ndefu ambayo mmoja husema na waliohudhuria huitikia. Mtoto aliyekulia hapo azoea kusikiliza pamoja na watu, na sisi twamtenga na wenzake siku ya kwanza ya kitabu!

Hata katika nchi yetu jambo hili limepata kufanywa kwa ukubwa. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili wa Tanzania walikaa vikundi vikundi, vijijini na mijini, wakisikiliza redio, na ajuaye kusoma akiwasomea wenzake kitabu cha kikundi. Kisha wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Wengi katika hao walikuwa bado wanajifunza kusoma. Kitabu kilikuwa cha kikundi, na faida ikawa ya kila mmoja.

Mzazi mmoja alitujia na lawama: Maalim, twawaleta watoto wapate dini, nanyi mwawasomea hadithi za nyani. Hatukukasirika, kwani ana haki ya kuuliza. Tulimkumbusha kuwa neno la kwanza kumshukia Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, lilikuwa ni amri ya kusoma. Na ya kuwa baada ya vita vya Badri, mateka wasio na mali walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika, kila mmoja watoto kumi. Mateka wale hawakuwa Waislamu, wala hawakufundisha dini. Walifundisha kalamu, na kalamu ikahesabiwa sawa na fedha ya kukomboa shingo. Nasi tuliona jambo lingine: watoto waliozoea kuuliza maana katika hadithi wakaanza kuuliza maana katika msahafu. Aliyekuwa akisoma kama kasuku sasa husimama na kusema: Maalim, hapa imesemwaje? Je, hiyo si dini?

Mwalimu mmoja wa shule naye alituambia: Nyinyi mna kumi na saba, mimi nina zaidi ya sitini, na kitabu ni kimoja. Twamwambia kuwa kitabu kimoja chatosha, akikisoma kwa sauti na kuandika sentensi mbili za siku ubaoni wote wazisome pamoja. Lakini ajihadhari na mambo matatu: asiwaachie hodari wakameza zamu zote, asieleze kila kitu, maana hadithi iliyokwisha elezwa haina utamu, na asikigeuze kitabu kuwa mtihani, kwani siku hiyo watoto watakikimbia kama walivyovikimbia vingine.

Sasa twamrudia mama yetu wa Dongobesh. Dada yetu, fanya hivi. Kwanza, tafuta kitabu kimoja kifupi chenye kisa cha kumshughulisha mtu. Usitafute kikubwa ili kumwonyesha jirani. Pili, chagua saa moja isiyobadilika, baada ya Isha au mnapongoja ugali uive, mketi nyumba nzima, na mwanao asikae peke yake. Tatu, soma wewe kwanza. Na kama hujui kusoma, mwite yeye awe macho yako, nawe usione haya, kwa maana mtoto hufurahi sana kumpa mzazi kitu ambacho mzazi hana. Nne, akikwama msubiri, kisha umtajie neno taratibu. Usimcheke, wala usiwaache ndugu zake wamcheke. Tano, funga kitabu mahali patamu, uzime taa. Usimwambie asome. Kiache kitabu mahali atakapokiona.

Na ukiamka usiku ukaona mwanga wa kurunzi chini ya blanketi, jifanye umelala.

Ama mwisho wa hadithi ya Adili, hatutautaja hapa, maana huenda baadhi yenu hamjakisoma kitabu kile. Kwa kijana wetu kitabu kiliisha baada ya Idi. Baba yake alikuja mwenyewe chuoni siku hiyo, akaketi nyuma karibu na mlango, pale alipokuwa akiketi mwanawe. Mwanawe alikuwa mbele, akingoja zamu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, na atusamehe sisi walimu kwa wale tuliowafukuza kwa ukali wetu. Na kama yuko mtu upande wa Basotu anayemjua mchunga ng'ombe mmoja mwenye sauti nzuri ya kusoma Juzuu Amma, ambaye sasa atakuwa mtu mzima mwenye watoto wake, amfikishie salamu zetu, na amwambie kuwa mwalimu wake ataka radhi, na nafasi yake katika duara iko wazi.

Wassalaam.